Panga, mundu na kisu: namna ya kuchagua, kunoa na kutumia bila kuumia wala kuua shamba

Katika mashamba ya ndizi ya Kabare na Walungu, panga inatembea kuliko mwenyewe. Asubuhi iko mikononi mwa baba anayekata mikungu ya kutengeneza kasiksi. Saa sita jirani anaiomba akatie mbuzi majani. Jioni inarudi nyumbani na utomvu mweusi umekauka kwenye makali, inachomekwa chini ya paa, na kesho inaanza tena. Hakuna anayeona ubaya, juu ndivyo watu wanavyosaidiana tangu zamani.

Lakini ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukateremka polepole hadi Kalehe, Kabare na sehemu zingine za Kivu ya Kusini. Tangu hapo, safari ya panga kutoka shamba moja kwenda lingine imekuwa njia mojawapo kubwa ya kupoteza shamba. Wataalamu wanauita BXW, na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, wakulima wanauita kirabiranya. Kwa familia inayopata karo ya shule, sabuni na chumvi kutoka kwenye mkungu na kwenye pombe ya ndizi, hilo si jambo dogo. Hivyo anayenunua panga leo katika soko la Kadutu au la Nyawera hanunui tu chuma cha kukata. Ananunua chombo ambacho atalazimika kujua kukinoa, kukisafisha na kukishika vizuri.

Kila chombo na kazi yake

Hapa tunazungumzia visu visivyokunjwa, yaani vile ambavyo chuma na mpini vimeshikana moja kwa moja. Visu vya kukunja viko vingi pia. Kile cha Okapi, chenye jina la mnyama wa msitu wa Ituri, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kinafaa mfukoni, kwa kumenya chungwa au kukata kamba. Lakini kazi ya shamba na pori inakishinda: udongo unaingia kwenye kiungo, kutu inakishika, na siku moja kinajifunga chenyewe juu ya vidole.

Panga ndiyo ya kwanza. Wengi bado wanaiita kupa-kupa, jina lililotoka kwenye Kifaransa. Chuma chake kwa kawaida kina urefu wa sentimita 40 hadi 50 na unene wa milimita 2 au 3. Wembamba huo si kasoro. Panga inakata kwa mwendo, si kwa uzito kama shoka, na ikiwa nene sana inaruka juu ya majani badala ya kuyapitia. Anayetaka kupasua kuni za mkaratusi achukue shoka. Panga nyingi zinazoonekana zimevunjika au zimepinda hazikuharibika kwa ubaya wa kiwanda. Mtu alizigonga kwa nyundo ili zipasue kuni, ama alizitumia kung'oa jiwe.

Mundu, kile chombo cha ncha iliyopinda ambacho Rwanda na Burundi wanakiita umuhoro, ni bora kwa kupogolea, kwa kuvuta tawi na kulikata kwa mara moja, na kwa kuondoa majani makavu ya mgomba. Ncha yake ikiwa imepinda, haitoboi wenzako kirahisi unapotembea kwenye njia nyembamba. Wazee wengi wa milimani wanaupenda kuliko panga, na wana sababu: kwenye mteremko, mkono mmoja unashika mti na mwingine unavuta. Panga inataka nafasi ya kuzungusha mkono.

Kisha kisu kidogo. Cha kazi ya nje hakihitaji kuwa kirefu: chuma cha sentimita 10 hadi 12, unene wa milimita 3 hivi, kinatosha kuchuna mbuzi, kuchonga mpini, kukata kamba na kutengeneza chakula porini. Vile visu vikubwa vyenye meno ya msumeno mgongoni, vinavyopendwa na vijana kwa sababu ya filamu, vina sura ya vita na kazi ndogo. Meno yale hayakati mti, yanachana tu ala na nguo. Na kisu cha kuchunia kisiwe kile kile cha shambani, hata kama kimeoshwa.

Namna ya kununua bila kudanganywa

Sokoni, panga zote zinang'aa. Rangi na vanishi ni kazi ya dakika tano, na alama ya kiwanda kinachojulikana inaweza kupigwa juu ya chuma chochote. Kiwanda cha Tramontina cha Brazil, kilichoanzishwa mwaka 1911 katika mji wa Carlos Barbosa, kinajulikana kwa panga karibu dunia nzima, na jina linalojulikana hivyo linaigwa pia. Kwa hiyo mnunuzi aamini mikono yake kabla ya kuamini alama.

Kwanza ashike panga kwa vidole viwili karibu na mpini, aigonge kwa ukucha au kwa funguo. Chuma kizuri kinalia kwa muda. Chuma chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Pili, aitazame kwa urefu, jicho moja limefungwa, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imepinda tangu dukani haitanyooka shambani. Tatu, aweke ncha chini juu ya ubao na kuisukuma kidogo mpaka ipinde, kisha aiachie. Inatakiwa irudi ilivyokuwa. Ikibaki imepinda, chuma ni laini na itakuwa hivyo kila siku.

Njia ya uhakika zaidi ni tupa, ile ambayo wengi wanaiita lime. Muuzaji mwaminifu hakatai mtu apitishe tupa mara moja kwenye makali, sehemu ambayo itanolewa hata hivyo. Kwa panga, tupa inatakiwa ikamate chuma lakini kwa shida kidogo. Ikizama kama kwenye shaba, makali yatalala mchana wa kwanza. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno kwa panga: kitavunjika kwenye jiwe, na nyumbani hakuna atakayekinoa. Kwa kisu kidogo ugumu wa namna hiyo unaweza kuvumiliwa, kwa sababu kisu hakipigwi.

Halafu kuna swali la chuma cha inoksi na chuma cha kawaida chenye kaboni. Inoksi haipati kutu upesi, ndiyo maana inapendwa jikoni na kwa samaki kando ya ziwa. Lakini ile ya bei ndogo inapoteza makali haraka. Chuma cha kaboni kinakuwa cheusi na kinapata kutu usiku mmoja kikiachwa na maji, ila kinanoleka kwa jiwe la mtoni na kinashika makali vizuri. Kwa panga ya shamba, chukua cha kaboni bila kusita. Kwa kisu cha mvuvi, inoksi ina haki yake.

Sehemu inayoumiza watu wengi siyo makali, ni mpini. Chuma kinatakiwa kiingie ndani ya mpini mpaka mwisho, au karibu na mwisho, na kishikwe kwa misumari ya kupigilia isiyopungua miwili. Mitatu ni afadhali. Visu ambavyo mkia wa chuma unaingia sentimita mbili tu ndani ya plastiki, siku moja chuma kinaruka peke yake. Mnunuzi ashike chuma kwa kitambaa na kutikisa mpini kwa nguvu. Ukicheza hata kidogo dukani, aurudishe. Mpini wa plastiki unapasuka kwa jua la miaka. Wa mti unakauka na kulegea, lakini unabadilishwa kijijini kwa karibu bure. Watu wengi wanaufunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi, na ni wazo zuri kabisa: hauteleki mvua inaponyesha, na Bukavu mvua inanyesha tangu Septemba hadi Mei.

Panga ya fundi

Si lazima panga itoke ng'ambo. Wahunzi wa Bushi walifua majembe na mikuki kabla ya kenkayeri ya kwanza kufunguliwa, na hata leo fundi anayejua kazi anaweza kutoa mundu unaoshinda wa dukani. Kila kitu kinategemea chuma alichoanza nacho.

Kizuri ni resori ya gari, zile bapa zinazobeba uzito chini ya lori. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, inakubali kuwa ngumu na bado inapinda bila kuvunjika, kwa sababu ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kibaya ni chuma cha kujengea nyumba, ferabeto. Ni rahisi kukipata na ni rahisi kukifua, lakini kaboni yake ni ndogo mno, hata ukikichovya katika maji mara kumi hakitakuwa kigumu. Anayeagiza kwa fundi aulize chuma kimetoka wapi, na ikiwezekana akione kabla hakijaingia motoni.

Fundi mzuri anapasha chuma mpaka kiwe chekundu na sumaku iache kukivuta. Hiyo inatokea karibu na nyuzi 770. Anakipasha kidogo zaidi, kisha anakizamisha katika mafuta. Maji yanapoza kwa haraka mno na resori inaweza kupasuka. Baada ya hapo chuma ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo, kwa hiyo anakirudisha kwenye joto dogo ili kilegee kidogo. Rangi ndiyo kipimo chake: chuma kilichosuguliwa kikigeuka manjano ya majani makavu, kinafaa kisu, kikienda hadi buluu, karibu nyuzi 300, kimekuwa laini zaidi na kinafaa chombo cha kupigapiga. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho anauza kisu ambacho kitavunjika wiki ya kwanza, na mteja atasema visu vya hapa ni vibaya.

Mambo haya ya joto yakumbukwe, yatarudi kwenye habari ya ugonjwa.

Kunoa

Panga mpya mara nyingi inauzwa bila makali ya kweli. Watu wanaanza kazi nayo hivyo hivyo, wanapiga kwa nguvu, wanachoka, na mkono uliochoka ndio unaokata mguu. Panga butu ni ya hatari kuliko kali, kwa sababu inaruka badala ya kuingia.

Ifungwe imara kwanza: juu ya gogo, au kwenye meza kwa kamba. Kunoa panga iliyoshikwa kati ya magoti ni desturi ya wengi, na ndiyo inayoleta vidonda vya paja. Tupa inakata ikisukumwa, si ikivutwa. Isukumwe kutoka kwenye makali kwenda mgongoni kwa uangalifu, vidole vikiwa nyuma ya tupa, kisha inyanyuliwe na kurudishwa hewani. Pembe? Chukua karatasi, kunja kona yake ya mraba katikati, ukunje tena katikati. Kona inayobaki ni nyuzi 22 na nusu, na inafaa panga kila upande. Kwa kisu cha nyama, punguza kidogo. Kwa mundu wa kukata matawi magumu, ongeza kidogo.

Endelea upande mmoja mpaka kidole, kikipita polepole upande wa pili kutoka mgongoni kwenda nje, kisikie kijikunjo chembamba cha chuma urefu wote. Hapo geuza. Kijikunjo kikishahamia upande wa pili, malizia kwa jiwe la kunolea lenye maji, kwa mikono myepesi, upande huu na upande ule. Hakuna haja ya panga kunyoa ndevu. Ikate jani la mgomba linaloning'inia bila kulivuta, inatosha. Shambani jiwe dogo mfukoni na dakika mbili kila saa vinafanya kazi kuliko nusu saa ya tupa kila mwezi.

Mashine ya kusaga chuma, meule, inaharakisha lakini inaharibu. Makali ni membamba, yanapata moto mara moja, na yakigeuka buluu ugumu umeondoka. Kama hakuna njia nyingine, chuma kichovywe katika maji kila baada ya kupita mara moja au mbili, na macho yafunikwe miwani.

Panga na ugonjwa wa ndizi

Bakteria ya BXW ilitambuliwa kwanza Ethiopia, kwenye ensete, mmea wa ukoo wa mgomba. Maandishi ya kisayansi yalitoka mwaka 1968. Mwaka 2001 iliripotiwa Uganda na Masisi. Hakuna aina ya ndizi inayolimwa kwa kawaida katika eneo hili inayojulikana kuwa na kinga kamili, na hakuna dawa ya kuponya mgomba ulioshikwa. Inasambazwa na wadudu wanaotembelea ua la dume, na machipukizi yanayotoka kwenye shamba gonjwa, na makali ya chombo.

Dalili zinajulikana: majani yananyauka na kugeuka manjano, yanavunjika, ndizi zinaiva kabla ya wakati, moja moja, na ndani zina rangi ya kahawia. Ukikata shina na kungoja dakika chache, majimaji mazito ya manjano yanatoka. Hayo majimaji ndiyo yanayobaki kwenye panga. Anayekata mgomba mgonjwa saa mbili na kuondoa majani kwenye migomba kumi mizima saa tatu, ameipanda ile bakteria mwenyewe, mara kumi.

Njia ya kwanza ni kupunguza kazi ya panga. Ua la dume linaondolewa mara tu chane la mwisho linapotoka, na linavunjwa kwa mti wenye panda, si kwa chuma. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtoto mkubwa, na haina gharama.

Njia ya pili ni kusafisha chuma baada ya kila mgomba unaotiliwa mashaka, na kila unapotoka shamba moja kuingia lingine. Hapo ziko njia mbili, moto na javel, na kila moja ina shida yake.

Moto uko kila mahali. Chuma kinapitishwa juu ya ndimi za moto pande zote mpaka kiwe cha moto kisichoguswa. Siyo mpaka kiwe chekundu. Wakulima wengi wanakiacha katikati ya makaa wakiendelea na kazi nyingine, wakifikiri moto mwingi ndiyo usafi mwingi. Kumbe wanafanya ile kazi ya fundi kinyume: chuma kikiwa buluu kimelainika, kikiwa chekundu na kuachwa kipoe polepole kimekuwa sawa na ferabeto. Panga inavumilia kidogo kuliko kisu, lakini baada ya mara nyingi makali hayakai tena, mtu anasema panga imezeeka. Haikuzeeka, imepikwa. Asiye na hakika apitishe chuma juu ya moto kwa kukitembeza bila kukisimamisha, na atazame makali, ambayo yanapata joto kabla ya sehemu nyingine.

Javel haigusi ugumu wa chuma. Kipimo kinachofundishwa ni kikombe 1 cha javel ya nyumbani kwa vikombe 5 vya maji. Utomvu na udongo viondolewe kwanza kwa majani au kitambaa, juu uchafu unakula nguvu ya javel kabla haijafika kwa bakteria. Maji hayo yatengenezwe siku ile ile, yafunikwe, yasiwekwe juani. Yasichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hewa inayotoka inaunguza mapafu. Ubaya wa javel ni kutu: inakula chuma cha kaboni kwa saa chache. Kazi ikiisha, panga ioshwe kwa maji safi, ikaushwe, ipakwe mafuta. Mwenye shamba kubwa anaweza kuwa na panga mbili, moja inakaa ndani ya ndoo wakati nyingine iko kazini.

Mgomba mgonjwa wenyewe ukatwe chini kabisa, usawa wa udongo, uachwe pale pale. Kuuburuta hadi barabarani, au kuwapa mbuzi wa jirani majani yake, ni kuuza ugonjwa bure. Kisha shamba lipitiwe kila wiki, na kila shina jipya linaloonyesha dalili lifanyiwe hivyo hivyo.

Na ile panga ya kuazima? Kukataa ni vigumu, jirani ni jirani. Lakini inaweza kuazimwa pamoja na masharti: inatoka safi, inarudi safi. Katika vijiji ambako watu wamekubaliana hivyo mbele ya chefu, hakuna anayechukua kama tusi.

Kazini na njiani

Kabla ya kupiga mara ya kwanza, mtu anyooshe mkono pamoja na panga na kuzunguka. Popote ncha inapofika, pasiwe na mtu, tawi wala kamba. Wenzake wakae mbali mara mbili ya hapo. Pigo liende kwa mshazari na limalizikie nje ya mwili, kamwe lisielekee mguu wa mbele. Mkono wa kushika mmea uwe juu ya pale panga inapopita, na ukate kwa kuteremka chini, au tumia mti wenye panda badala ya mkono. Kwenye miteremko ya Kabare au Idjwi, mkataji asimame upande, asisimame chini ya kitu kinachoanguka. Bote za mpira hazizuii panga kabisa lakini zinapunguza kidonda. Na kasiksi ingoje jioni.

Waongozaji wa Kahuzi-Biega wanaofungua njia kwenda kwa sokwe wana desturi nzuri ya kuigwa: anayekata yuko mbele peke yake, anakata kidogo tu kiasi cha kupita, na wa nyuma hawamkaribii. Ndani ya mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970, kukata mti au mwanzi bila ruhusa ni kosa, na panga iliyokutwa mkononi ni ushahidi.

Njiani panga ikae ndani ya ala. Ya ngozi ni nzuri, ila karatoni nene mbili zilizofungwa kwa mpira wa tairi zinatosha. Juu ya moto, pikipiki, ifungwe pamoja na mzigo, isikae mgongoni kwa abiria. Mjini jambo hili lina uzito mwingine. Watu wa hapa wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Ruzizi wakieleza panga ilifanya nini upande ule, na vita vilivyofuata havikuwasahaulisha. Mtu anayeteremka Kadutu magharibi na panga wazi anaogopesha hata kama ametoka kulima. Akiifunga, akaibeba pamoja na jembe na kikapu, kila mtu anaona mkulima, na kwenye vizuizi maswali yanapungua.

Damu ikitoka

Kidonda cha panga mara nyingi ni kirefu kuliko kinavyoonekana. Kitu cha kwanza ni kukandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kuinua kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ikiwa damu inaruka kutoka mkononi au mguuni na haisimami kwa kukandamiza, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, sentimita 5 hadi 7 kuelekea mwilini, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, andika saa, na kimbia hospitali. Usikilegeze njiani.

Kidonda kidogo kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Udongo, samadi, unga wa kahawa, petroli na majani yaliyotafunwa havitakiwi humo. Udongo na samadi ndimo inakaa mbegu ya pepopunda, ugonjwa unaokuja siku 3 hadi 21 baadaye, kidonda kikiwa pengine kimefunga: taya linakakamaa, shingo na mgongo vinajikunja, na wengi hufa. Chanjo inauzuia. Watoto wanaipata katika chanjo za kawaida, mama wajawazito wanapewa kwenye kituo cha afya. Wanaosahauliwa ni wanaume wazima, na ndio wenye panga. Asiyekumbuka chanjo yake ya mwisho, au aliyepita miaka 5 na kidonda ni kichafu, aende kituo cha afya siku ile ile aeleze hivyo. Aende pia yule ambaye kidole hakikunjiki au hakisikii, hata kama damu imesimama: mshipa wa nyama umekatwa, na wiki mbili baadaye kuushona ni kazi nyingine kabisa.

Jioni

Panga ikaushwe, ifutwe utomvu kwa mchanga na maji, ipakwe mafuta kidogo. Mafuta ya ngazi yanafaa kwa kisu cha chakula; mafuta ya injini yaliyotumika yaachiwe panga na jembe. Isichomekwe udongoni usiku, maana ncha inaoza kwanza, na isilale ndani ya ala yenye maji. Itundikwe juu, mtoto asipofika, makali yakielekea ukutani.